Nyota za Wiki Iliyopita

Magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa yakifika Moshi na basi, alasiri, wateja wangu wakiwa wameshatawanyika. Kwa hiyo nyota za Jumatatu niliziuza Jumanne asubuhi, na za Jumanne nikaziuza Jumatano. Miezi yote niliyokaa kwenye ile meza hakutokea mtu wa kuniuliza inakuwaje siku itabiriwe ikiwa imeshapita.

Ilikuwa 1997. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyoonyeshwa mgeni, na mjomba alikuwa amenikabidhi biashara yake karibu na stendi. Nasema biashara; ulikuwa mlango wa kabati uliolazwa juu ya kreti za soda, na mawe ya mtoni ya kukandamiza magazeti yasipeperuke. Wanunuzi walikuwa wachache. Wasikilizaji ndio walikuwa wengi: makondakta, wapiga debe, mama ntilie, na akina mama wa mitumba waliokuwa wakisubiri gari la Kiboriloni. "Mangi, hebu niangalizie, mimi leo nikoje?" Nami nilifunua ukurasa wa nyota, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Malipo yalikuwa andazi, au chai ya rangi, au ahadi ya kununua gazeti kesho.

Shida ya kwanza ilikuwa tarehe. Gazeti lilitaka siku na mwezi wa kuzaliwa, na wengi wa wateja wangu walijua tu kwamba walizaliwa wakati wa kuvuna kahawa, au mwaka fulani wa njaa. Wenye vyeti walikuwa wameandikiwa 1 Januari na karani mwenye haraka zake, kwa hiyo stendi ilijaa watu wa Mbuzi. Wengine walijichagulia. Mpiga debe mmoja mwembamba kama ufito alijiweka Simba, akagoma kuhama hata nilipomwona na cheti cha ubatizo kinachosema Novemba. Mama mmoja wa mitumba, ambaye nitamrudia, alichukua Ng'ombe, kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na ndio waliomsomesha hadi darasa la saba. Sababu yake niliiona nzuri kuliko ya gazeti.

Mwishoni mwa mwaka ule mvua za El Niño zikakata barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi, na kuna siku mbili mfululizo basi halikuleta gazeti. Siku ya kwanza nilivuta la wiki iliyopita kutoka chini ya rundo, nikalikunja tarehe isionekane, nikasoma. Punda, utapata habari kutoka mbali. Mapacha, jihadhari na rafiki anayekusifu mno. Mizani, kuna safari. Mtu amesimama stendi ya mabasi, begi mkononi, anaambiwa kuna safari! Walitikisa vichwa kwa kukubali. Kondakta mmoja alirudi saa kumi kunieleza kuwa ile ya rafiki imetokea vilevile, akanitajia na kiasi cha pesa kilichopotea.

Siku ya pili nikapanda kichwa. Macho yalikuwa kwenye ukurasa uleule wa zamani, lakini maneno yalikuwa yangu. Mama wa Ng'ombe alifika na mwenzake, wamevaa makoti ya mvua, wanakwenda kufungua balo waliloagiza kwa ubia. Pesa yake alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, fundo kubwa kama limau, na alikuwa akilipapasa papasa kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wanasemaje?"

Sijui ilitoka wapi. Nadhani mdomo ulipenda mlio wake tu. "Ng'ombe: mambo ya fedha yasubiri. Usifungue mzigo mpya kabla ya Ijumaa."

Aliinamisha kichwa, akatazama matope. Kisha akamgeukia mwenzake: "Umesikia?" Akampa mkono, akapanda gari la kurudi nyumbani. Mwenzake alikwenda na mtu mwingine. Balo likafunguliwa: sweta za watoto, mzigo safi, na mlimani kulikuwa na baridi ya mvua isiyokatika. Hadi saa saba mchana zilikuwa zimekwisha. Nilisikia yote kutoka kwa mwenzake, aliyekuja siku ya pili yake akicheka kwa pesa.

Jumamosi mama akapita, yeye na yule mwenzake. Akaniwekea maandazi mawili mezani na kusema, kwa sauti ya kusikika, kwamba nyota ilimwepusha, maana lile balo chini lilikuwa na makapi. Halikuwa na makapi. Niliyala yale maandazi, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba mengine hayajawahi kunikaba koo namna ile.

Nyumbani, mama yangu mzazi alipopata habari za kazi yangu ya ziada alichukia. Ni Mlutheri wa kwaya, na kwake nyota na ramli ni ndugu wa tumbo moja. Nilijitetea kwa Injili ya Mathayo: mbona mamajusi walifuata nyota na hawakukemewa? Aliendelea kumenya ndizi za mtori, kisu hakikusimama. "Wale walitoka kwao wamebeba dhahabu," akasema. "Wewe umerudi na maandazi."

*

Nilidhani kosa langu ni ujinga, kwamba kuna elimu kamili ya nyota na mimi nimechezea ganda lake. Nikaenda kwa fundi cherehani mmoja wa Majengo, mzee wa Pangani aliyekuja Moshi kijana na kuzeekea hapa. Alikuwa anajua falaki. Baraza lake lilikuwa na mashine moja, benchi moja, na redio iliyovikwa kitambaa.

Nyota za gazeti alizicheka. Na kweli, nilikuja kusoma baadaye kuwa ukurasa ule ni mtoto wa juzi: ulianzia London Agosti 1930, gazeti la Sunday Express lilipomtaka R. H. Naylor amwandikie nyota Margaret, mjukuu wa mfalme aliyekuwa ametoka kuzaliwa. Wasomaji wakapenda, na ule ukawa mlo wa kila gazeti. Hata makundinyota yenyewe yamehama. Tangu Ptolemy wa Iskanderia aandike kanuni zake karne ya 2, mhimili wa dunia umekuwa ukiyumba taratibu kama pia inayochoka, na sasa mtu anayeambiwa ni Punda mwishoni mwa Machi, jua lake lilikuwa kwenye Samaki.

Fundi hakuuliza tarehe. Aliuliza jina lako na la mama yako, akazigeuza herufi kuwa hesabu kwa abjadi: alifu moja, be mbili, jimu tatu, na kuendelea. Chukua mtu aitwaye Ali, mama yake Mariamu. Ali ni 70 na 30 na 10, yaani 110. Mariamu kwa herufi za Kiarabu ni 40, 200, 10 na 40, yaani 290. Jumla 400. Toa 12, toa 12, hadi ibaki 4, na ya nne ni Kaa. Ilinipendeza kama hesabu ya darasani inayokubali. Kisha tukafika kwangu. Jina la mama yangu ni la Kichagga cha ndani, lina herufi ambazo Kiarabu hakina mahali pa kuziweka. Fundi aliliandika kwa chaki ya kukatia nguo mara tatu, kila mara kwa tahajia nyingine, akapata nyota tatu tofauti. Akazitazama, akafuta chaki kwa kiganja. "Chagua," akasema.

Lakini alichonifundisha cha kudumu ni saa. Katika falaki kila saa ya mchana na usiku ina sayari yake, kwa mpangilio usiobadilika. Saa ya kwanza ya Jumapili ni ya Shamsi, ya pili ya Zuhura, ya tatu Utaridi, ya nne Kamari, ya tano Zohali, ya sita Mushtarii, ya saba Mirihi, halafu unarudi Shamsi. Hesabu hivyo saa 24, na saa ya 25, ambayo ni kucha kwa Jumatatu, inaangukia Kamari. Endelea, Jumanne inafungua na Mirihi, Jumatano Utaridi, Alhamisi Mushtarii, Ijumaa Zuhura, Jumamosi Zohali. Siku za wiki za Wazungu zilipata mpangilio wake hapohapo, ndiyo maana kwao Jumapili ni ya jua na Jumatatu ni ya mwezi. Na tazama: saa ya kwanza ya falaki huanza jua linapochomoza. Saa moja yetu nayo ni saa ya kwanza ya mwanga. Mnajimu wa Ulaya inambidi atafute majedwali ajue saa ya sayari, kwa sababu mchana wao hurefuka na kufupika vibaya sana. Moshi, nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haipishani hata nusu saa. Fundi alitazama saa ya mkononi tu.

Jumanne, siku ya Mirihi, siku ya chuma na damu, hakugusa kitambaa cha harusi kwa mkasi. Alhamisi ya Mushtarii ndiyo ilikuwa siku ya kukata. Ijumaa alishona nguo za kike. Jumamosi, Zohali, alitia viraka na kubadilisha zipu. Nilimtazama wiki nyingi kabla sijaelewa ninachokiona: mafundi wote wa mtaa ule walikuwa wakifukuzana na wateja, suti ya mtu iko nusu, ya mwingine haijakatwa, kila mmoja anadanganywa "njoo kesho". Kwa mzee wa Pangani hakukuwa na njoo kesho. Mtaa mzima ulijua kuwa kitambaa kikifika Jumatano kitakatwa Alhamisi, na kikifika Ijumaa kitalala hadi Alhamisi nyingine, na hakuna wa kugombana, kwa sababu utagombana vipi na Mushtarii? Sayari ilimfanyia kazi ya karani. Mimi siamini kuwa dude la gesi lililo mbali kiasi kile linajali kola ya suti ya mtu wa Majengo. Ila hadi leo makala zangu nazianza Alhamisi.

*

Mwaka uliofuata, dhamiri ikinisumbua, nilifanya mchezo ambao nilidhani ni wangu peke yangu. Mwezi mzima niliwasomea watu nyota zisizo zao. Wa Kaa nikampa ya Simba, wa Samaki nikampa ya Mashuke. Jioni niliwauliza. Hakuna aliyestuka. Ya jirani iliwakaa sawasawa na yao, na mara nyingine zaidi. Miaka mingi baadaye nikakuta kwamba Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, alikuwa ameshaufanya mwaka 1948. Aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo ya tabia yake "binafsi", na kuwataka wayape alama kati ya 0 na 5. Wastani ulikuwa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, na aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu kinachouzwa barabarani. Laiti angepita stendi ya Moshi, tungegawana maandazi.

Kila nikisimulia haya, mtu huniuliza: na Sheikh Yahya Hussein? Hakuna Mtanzania wa rika langu asiyemjua. Alikuwa gazetini, redioni, kwenye televisheni, na mwaka mpya ukikaribia waandishi wa habari walimwendea wajue nani atakufa na nani atapanda. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitangaza kuwa mwana CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Kikwete kwenye uteuzi atakufa ghafla. Nchi ilizungumza wiki nzima. Kikwete akapita bila mpinzani ndani ya chama, na Mei 2011 Sheikh mwenyewe akafariki. Watu wa kijiwe chetu walikata shauri kwamba utabiri ulitimia, maana hakuna aliyejitokeza. Wengine wakasema haukutimia, maana hakuna aliyekufa. Mimi niliona ni kufuli lisilo na tundu la ufunguo: haupo mlango wa kuingilia ukajue kama alikosea.

Na siku hizi hata sheikh hahitajiki. Kwenye nguzo za umeme kuanzia Pasua hadi Njoro kuna vibao vya kusafisha nyota, kurudisha nyota iliyoibiwa, kung'arisha nyota ya biashara, namba ya simu chini. Mtu akikosa kazi miaka miwili anaambiwa nyota yake ameichukua shangazi. Huyo shangazi hana pa kujitetea.

*

Mtu wa kwanza niliyemwona akikosea kwa makusudi mazima alikuwa babu yangu, Uru.

Jikoni kwake, kwenye msumari uleule kila mwaka, ilining'inia kalenda ya karatasi moja kubwa yenye miezi yote 12. Pembeni, kwa uzi wa katani, ilifungwa penseli fupi iliyochongwa kwa panga. Kila siku ilikuwa na alama. Duara tupu, mwezi mpevu. Duara lililojazwa, mwezi umekufa. Vistari, mvua, na idadi ya vistari ilionyesha ukali wake. Herufi K, kilele cha Kibo kilikuwa wazi asubuhi. Siku ng'ombe alipopelekwa kwa dume, siku maharage yalipoingia ardhini, siku ya zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wetu. Na kulikuwa na msalaba mdogo uliosimama peke yake, ambao nilidhani ni siku za misiba.

Babu aliamka giza likiwa bado. Alitoka nje, akasimama pale kahawa inapoishia, akatazama kaskazini. Sisi tulio upande wa kusini wa mlima tunajua Kibo hukaa wazi alfajiri kisha hujifunga; saa nne mara nyingi hukioni tena, hadi jioni. Kwa hiyo kukiona tu hakumwambii mtu kitu. Yeye alitazama namna kinavyoonekana: theluji imekaribia au imekwenda mbali, wingu limekaa kifuani au kiunoni. Akatazama ng'andu, nyota ya alfajiri, kama ni majira yake, inawaka au inatetemeka. Moshi wa jikoni unapanda au unatambaa juu ya migomba. Kisha akaamua. Msimu wa kahawa uamuzi ulikuwa mmoja na wa hatari: buni zimeshamenywa, zimevundikwa na kuoshwa, je, tunaanika leo kwenye vichanja au zibaki ndani ya maji siku moja zaidi? Kahawa ikiloweshwa na mvua ikiwa imeshaanza kukauka, bei yake umeizika.

"Leo tunaanika," alisema, au, "Leo mlima unadanganya."

Jioni alichukua penseli. Siku moja tulianika kwa agizo lake na mvua ikatukuta saa sita, tukakimbia na magunia na majani ya migomba, bibi akilalamika kwa Kichagga ambacho siwezi kukiandika hapa. Usiku ule nilimwona babu akisogeza taa karibu na ukuta, akaweka msalaba. Nikamuuliza nani amekufa.

"Nimekosea," akasema. "Usipoandika, kesho utakosea tena udhani ni mara ya kwanza."

Hakuwa mtu wa sayansi. Kuna mambo aliyaamini ambayo mimi siyaamini. Alisikia kwamba mti ukikatwa mwezi ukiwa umekufa hauliwi na wadudu, akakata mringaringa wa boriti za zizi kwa kalenda. Boriti zikaliwa. Alirudi kwenye ile kalenda, ikiwa imeshakaa miaka kadhaa nyuma ya nyingine, akatafuta siku aliyoukata, akaweka msalaba. Aliweka msalaba juu ya mwezi wenyewe.

Nilimpelekea fundi wa Majengo habari za kalenda ile, na yeye akanipa methali ya pwani ya kujaribia: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo ambacho wakulima wa pwani walikipa jina kutokana na kulima. Tulikaa na babu juu ya kalenda zake. Huku kwetu kilimia huzama jioni masika yakiwa yamepamba moto, kikapotea majuma kadhaa, kikachomoza alfajiri ya Juni mvua zikielekea kuisha. Nusu ya pili ya methali karibu kila mwaka ilikuwa kweli, kwa sababu kilimia ni kalenda iliyotundikwa angani. Nusu ya kwanza hatukupata namna ya kuijaribu. Masika hayakukosa kuja hata mara moja katika karatasi zile. Babu alifurahi kama aliyetembelewa na mkwe. Akasema watu wa pwani wana akili, ila wangeweka na penseli.

*

Meza ya magazeti ilikufa, nikaingia mlimani. Misimu kadhaa nilibeba mizigo, nikawa mgumu kama wenzangu, kisha nikapandishwa kuwa mpishi. Huko nyota zina kazi isiyo na ubishi. Usiku wa kwenda kileleni watu huondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kama saa sita, na mbalamwezi inapokuwa mpevu njia yote inaonekana hadi Stella, karibu na kilele. Unaweza kuzima taa ya kichwani. Wageni wanajua, kwa hiyo kambi hufurika majuma ya mwezi mpevu, na mpishi hukosa hata pa kusimika jiko. Mwezi gizani, kambi tulivu, ila unapanda ukitazama visigino vya mwenzako.

Kuna mgeni mmoja, mwanamke mwenye roho nzuri, aliyekuwa na simu inayompa nguvu za nyota za kila siku. Asubuhi kwenye uji alitusomea. Siku ile ya Barafu simu ilisema ni siku ya kuvuka mipaka. Jioni hakula, alishika kichwa, akajibu swali la jina lake kwa kuchelewa. Kiongozi wetu alimbana kidole kwa kipimo cha oksijeni, akakitazama, akakibana kidole kingine, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Dada, tunashuka." Alilia. Alionyesha simu. Kiongozi aliitazama kwa heshima, akamrudishia, akaanza kumfunga kamba za viatu. Walishuka usiku uleule na wapagazi wawili. Siku mbili baadaye, getini Mweka, mzima kabisa na soda mkononi, alitueleza kuwa ameangalia upya na kumbe Utaridi ilikuwa inarudi nyuma. Hilo hutokea mara tatu au nne kwa mwaka, yapata wiki tatu kila mara, basi ukitaka kisingizio hukikosi. Nilimkumbuka mama wa Ng'ombe na makapi yake.

Siku hizi nina daftari. Asubuhi, kabla sijagusa simu, natoka nje, natazama mlima na kitu chochote kingine kilichopo juu, kisha naandika sentensi moja kuhusu siku ninavyoiona na nitakachofanya nayo. Jioni nairudia. Misalaba ni mingi kuliko ya babu.

Desemba iliyopita, mji ukiwa umefurika watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi, nilikwenda Kiboriloni. Mama wa Ng'ombe bado yupo, kibanda chake kina wajukuu wawili wa kuita wateja. Tulikaa kwenye stuli. Miaka zaidi ya 20 nilikuwa nimeibeba ile habari, nikaitua yote: gazeti la zamani, maneno ya kutunga, sweta.

Alikuwa akikunja suruali za watoto, hakuacha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, mama?"

"Ukurasa wa nyuma ulikuwa umenielekea. Ulikuwa na picha ya mchezaji amelala chali. Picha hiyohiyo nilifungiwa maandazi wiki iliyotangulia."

Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda kwenye balo.

"Pesa ilikuwa ada ya mwanangu wa sekondari. Yule mwenzangu alikuwa ananisukuma tangu Jumatatu. Ningemwambia sitaki, angesema naogopa, angenitangaza soko zima. Nyota ikikataa, hakuna wa kugombana nayo." Akaweka suruali juu ya nyingine. "Ila sweta zilikuwa nzuri. Hilo liliniuma."

Nilitazama mlimani. Wingu lilikuwa limeshuka hadi Uru, jeusi chini, na hewa ilikuwa imetulia kama inavyokuwa kabla ya mvua. Nikamwambia mama, hii inanyesha, tufunike. Wajukuu wakaleta turubai, mimi nikashika pembe moja, tukafunga kibanda kizima, wateja wakapita kwenda kwa majirani. Tulikaa chini ya turubai hadi saa kumi na moja. Halikudondoka hata tone.

Usiku ule niliweka msalaba.